Wifi, Niambie Pa Kuwapeleka Hawa

6 Februari

Kwako wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo, na tunaomba nawe huko uwe salama. Kaka yako mzima, isipokuwa mvua zimemfungia nyumbani. Ukuta mbichi haushiki rangi, na fundi rangi aliyekosa ukuta ni mtu wa hatari. Kwanza alipaka mlango wa choo, kisha viti, na jana nimemkamata akilikodolea macho kabati langu.

Watoto wamekua. Mkubwa, uliyemwacha na miaka saba, sasa ana tisa na kila kinachotokea anakiandika kwenye daftari, basi tunamwita Karani. Wa kati ana sita. Huyo jina lake ni Swali, na sababu utaijua ukikaa naye dakika mbili. Mdogo ulimwacha anatambaa. Siku hizi hatambai, anavuma. Ni Tufani.

Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Hata mimi nashtuka kuuona ukielekea kwako. Miaka miwili si mchezo.

Jambo lenyewe ni hili. Vyumba viwili vya ghorofa ya tatu vimetushinda. Wiki iliyopita waliegemeza godoro kwenye kitanda likawa mteremko, wakamtia Tufani ndani ya beseni, wakamsukuma. Mwalimu anayekaa chini yetu alipanda ngazi, akagonga mlango, akasimama pale na lipu ya dari imemjaa kichwani. Alinionyesha kichwa chake tu, akageuka akashuka.

Nataka watoke nje kila Jumamosi. Watoke kweli, warudi hoi. Lakini isiwe mahali pa kiingilio wala pa bembea za kulipia. Wewe umezunguka mji huu kwa miguu miaka kumi na minane ukisoma mita za maji. Sijui mtu mwingine anayeujua hivyo. Niambie pa kuwapeleka hawa.

Ni hilo tu.

Wifi yako


20 Februari

Kwako wifi,

Barua nimeipata. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Mimi mzima. Mji huu mliosikia nimehamishiwa una mita mia tatu na kumi. Nikianza Jumatatu, Jumatano nimemaliza, na siku zilizobaki nazipitia tu kuzijulia hali. Nyumba niliyopewa na idara ni nzuri na ina utulivu mwingi kupita kiasi. Msalimie mwalimu wa chini, mwambie pole ya kichwa.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya kwanza mvua ikikatika, nendeni kilima cha matangi. Msipite lango kubwa, maana pale kuna wauza baluni, na kwa mtoto anayeitwa Tufani mtakuwa mmekwisha. Zungukeni nyuma, kwenye ngazi za mawe. Ziko mia moja na nane. Nina uhakika, nimezilaani moja moja. Juu kuna majani mafupi na upepo usiojua kupumzika. Watengenezeeni tiara: gazeti la zamani, njiti za ufagio, gundi ya unga, mkia wa matambara. Bebeni maji, mayai ya kuchemsha na ndizi. Biskuti hapana, zinaleta kiu na ugomvi. Tokeni saa moja na nusu, saa sita muwe mmerudi.

Na wewe vaa viatu vya chini. Zile ngazi hazina huruma.

Wasalimie watoto. Sijui kama wananikumbuka.

Wifi yako


8 Machi

Kwako wifi mpendwa,

Hatujambo, hatujambo, hatujambo! Naandika huku nimeshika mbavu.

Kaka yako aliposikia habari ya ngazi mia moja na nane alisema, "Ngazi? Mwenye ngazi mjini hapa ni mimi." Akachukua ngazi yake ya kazi, ile ndefu ya mbao yenye madoa ya rangi za nyumba zote alizowahi kupaka, akaitia begani. Nikamuuliza, "Ya nini?" Akasema, "Haijawahi kuharibu safari." Basi wifi, mtu alipanda ngazi amebeba ngazi! Katikati ya kilima wakakutana na bibi mmoja anashuka taratibu na mkongojo wake. Bibi akasimama, akatazama, akauliza, "Kwani huko juu zimeisha?"

Walipofika, tiara ya Karani iliruka kwa fahari kubwa, moja kwa moja hadi juu ya mti. Hapo kaka yako akapata siku yake. Aliweka ngazi, akapanda, akaishusha, watoto wa kilima kizima wakapiga makofi. Kumbe mti ule umekuwa ukila tiara za watu miaka na miaka. Wakapanga foleni. Karani ameandika: tiara zilizookolewa, kumi na moja, suruali iliyochanika, moja, ya Baba. Akashuka ameziba nyuma kwa gazeti.

Swali alimwuliza mlinzi wa matangi, "Ukifungua hili lote kwa mara moja, mji utaelea au utazama?" Mlinzi akacheka. Swali akamwambia, "Sijatania." Mlinzi akaacha kucheka, akaenda kukagua mafuniko. Tufani alikula mayai manne na ganda la tano.

Walirudi mmoja mabegani, mmoja akiburutwa, na Karani anatembea kafumba macho, amejishikilia kwenye ngazi. Hapa nyumbani kulikuwa kimya asubuhi nzima. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilisikia saa ya ukutani.

Wanakukumbuka. Wanasema wewe ndiye shangazi mwenye mji.

Tupangie pengine.

Wifi yako


21 Machi

Kwako wifi,

Karani wa ofisi yetu alikuja kuniuliza kama nina habari za msiba, maana alinisikia nikitoa sauti asizozielewa. Nilimsomea habari ya bibi na mkongojo. Sasa ofisi nzima inasubiri Jumamosi zenu.

Mimi mzima. Mita zote zimesomwa.

Safari ya pili. Nyuma ya karakana ya idara ya maji kuna kitalu cha miche cha mji. Humo ndimo inamolelewa miti yote mnayoiona barabarani. Jumamosi asubuhi wanaruhusu watoto kumwagilia. Msimamizi wake ni mwanamke mrefu, ana sauti ya ukali na moyo wa siagi. Mwambieni mmetumwa na msoma mita aliyempa mbegu za maboga. Watoto wavae nguo ambazo hamzihitaji tena duniani. Miche iliyopinda huwa wanaitupa, kwa hiyo ombeni, watawapa bure. Mkitoka hapo piteni daraja la reli, lile la waenda kwa miguu. Treni ya mizigo hupita saa nne na nusu, mabehewa mengi mpaka mtoto achoke kuhesabu. Dereva ukimpungia anapiga honi. Hajawahi kukosa.

Neno moja. Umeniandikia kurasa tano na wewe mwenyewe hukuonekana ndani yake, hata kama koma. Viatu vya chini ulivaa au hukuvaa?

Wifi yako


9 Aprili

Kwako wifi,

Tunaendelea vizuri na tunakusalimia. Kaka yako amepata ukuta! Ni wa duka la fundi viti jirani, amepaka buluu, na hasira zimemwisha. Watoto shule wanakwenda. Swali amepandishwa kiti cha mbele ili maswali yake yasisafiri mbali.

Kitalu! Ungenionya kuhusu mpira wa maji. Msimamizi wako alimpa Tufani kopo dogo la kumwagilia, Tufani akalitazama kama mtu aliyetukanwa, akaenda kuudaka mpira. Wifi, kilichomwagiliwa kwanza ni viatu vya msimamizi. Kisha soksi. Kisha daftari la hesabu ya miche. Kaka yako akakimbia kuufunga mfereji akafungua wa pili. Msimamizi akasimama pale analowa, akasema kwa ile sauti yake, "Huyu mtoto ana miaka mingapi?" Kaka yako akajibu, "Mitatu." Akasema, "Akifika kumi na minane mleteni, nina kazi yake."

Wakapewa miche saba iliyopinda. Swali akauliza, "Imepinda kwa sababu imechoka au kwa sababu inachungulia?" Msimamizi akaniletea mimi swali hilo kupitia kwao. Kama unalo jibu, tuma.

Treni ilipita. Honi ilipigwa. Tufani aliogopa, kisha akaidai tena, akalia njia nzima kwamba wamrudishie treni yake. Miche sasa iko dirishani kwangu ndani ya makopo ya rangi, naitazama siku nzima inavyochungulia.

Viatu vyangu viko salama, chini ya kitanda.

Tupangie safari ya tatu.

Wifi yako


25 Aprili

Wifi,

Ninyi wazima? Mimi mzima.

Ndani ya bahasha yako kulikuwa na karatasi nyingine, nadhani hukuiona ikitiwa. Imekunjwa mara nne na imeandikwa kwa mistari. Naikopi kama ilivyo:

"Safari ya kitalu. Waliokwenda: Baba, mimi, Swali, Tufani, ngazi. Aliyebaki: Mama, kitandani, kama kawaida. Vitu vilivyolowa: vyote. Shangazi, Mama anacheka sana tukirudi lakini haruhusiwi kucheka kwa tumbo. Mkunga kasema."

Nimeisoma mara nyingi kuliko mita yoyote.

Sikuulizi kitu. Ukitaka kuniambia utaniambia. Usipotaka, safari ya tatu ni hii: uwanja wa michezo wa mji, siku za mazoezi ya wakimbiaji, milango huwa wazi na watu hukaa bure majukwaani. Watoto wapande na kushuka yale majukwaa mpaka miguu iwaishe. Jua likipanda, kuna kivuli upande wenye saa kubwa ya uwanja.

Neno nililokuambia siku ile, miaka miwili iliyopita, nalikumbuka. Sijui kama wewe unalikumbuka.

Ni mimi


14 Mei

Kwako wifi yangu,

Salamu kwanza, maana bila salamu nitakosa pa kuanzia. Kaka yako mzima. Watoto wazima. Karani nimemkaripia, kisha nikambusu, akaandika yote mawili.

Nina mimba. Mwezi wa sita sasa. Nilipokuandikia ile barua ya kwanza ulikuwa mwezi wa tatu na nilikuwa nimeona damu. Mkunga akasema nilale. Si kupumzika, wifi: kulala kama mkeka. Nisiketi, nisiinue kikombe kikubwa, nisipande, nisishuke. Nikamwuliza, "Na watoto watatu ndani ya vyumba viwili?" Akasema, "Hao watoke." Ndipo nikakukumbuka.

Hapana. Nitasema kweli. Nilikuwa nakukumbuka tangu zamani, nikapata sababu.

Neno lako nalikumbuka. Mimba ile ya miezi mitano ilikuwa imetoka siku tatu kabla. Ukaja, ukafua nguo zote, ukapika, ukakaa ukingoni mwa kitanda changu, ukasema, "Usilie, utapata mwingine." Nami nikakuambia utoke kwangu usirudi. Sikutaka mwingine, nilimtaka yule. Ukaondoka, na baada ya miezi miwili nikasikia umehamishwa. Nilijua anwani yako yote hiyo miaka miwili, kaka yako ameiandika ubavuni mwa kabati. Labda ndiyo maana simruhusu alipake.

Sasa huyu ndiye huyo mwingine, na kila asubuhi nakaa kimya nisikilize kama bado yupo. Yupo. Anapiga teke kama Tufani.

Uwanja wa michezo walikwenda. Tufani aliingia njiani mwa wakimbiaji akakimbia nao raundi nzima. Wa mwisho wao alikuwa nyuma yake, na inasemekana mwalimu wao amemtishia kumbadilisha na Tufani. Nimecheka kwa pua tu. Kucheka kwa tumbo ni marufuku, na kwa jamaa hawa ni adhabu kubwa. Nikiwasikia wanapanda ngazi wanagombania nani ataanza kusimulia, naung'ata mto.

Kinachoniuma, wifi, ni kwamba kila Jumamosi nasikia tu. Sijaona hata moja.

Wifi yako wa kitandani


30 Mei

Kwako wifi yangu wa kitandani,

Pole, na hongera, na pole tena. Mimi mzima. Nimekunywa maji, nimekaa chini, sasa naweza kuandika.

Hakuna aliyenihamisha. Niliomba mwenyewe, nikawaambia watu ni amri ya ofisi. Nilikuwa nikipita na daftari langu mtaa wenu kila mwezi, nikifika mlango wenu nasoma mita mbio kama mwizi, na mwezi wa pili nikashindwa.

Na neno lile. Nami niliwahi kupoteza mmoja, zamani, kabla hujaolewa kwetu. Kaka yako hajui, alikuwa bado shule. Watu walinijia wakaniambia, "Usilie, utapata mwingine." Sikupata. Lakini ndilo neno nililopewa, nikadhani ndilo linalosemwa. Nilikupa nilichokuwa nacho. Nisamehe.

Basi, yaishe hapo, maana nina kazi ya kukupa.

Safari ya nne itakuja kwako. Mbele ya nyumba yenu, ng'ambo ya barabara, kuna kile kiwanja kitupu. Bomba kuu la maji limepita chini yake na hakuna anayeruhusiwa kujenga wala kulima juu, ila kucheza hakujakatazwa. Nimepakanyaga miaka yote, hakuna misumari, hakuna chupa. Dirisha lenu linapatazama moja kwa moja. Mwambie kaka yangu asogeze kitanda dirishani, wewe ukiwa juu yake, na pole pole, asikufanye beseni. Aondoe kioo cha kabati. Akifunge kwa kamba juu ya dirisha, akiinamishe mpaka ulale chali uone ardhi. Kazi ya ngazi hiyo, ataipenda. Kisha washuke wote na mayai yao, wakae pale mbele yako asubuhi nzima.

Mkunga hajakataza kutazama.

Wifi yako


24 Juni

Wifi! Wifi! Wifi!

Wote wazima, salamu zimekwisha, nisikilize.

Kaka yako alifunga kioo tangu Ijumaa. Mara ya kwanza nilipotazama nikamwona mwalimu wa chini kwenye kibaraza chake, anajinyoa, povu shavu moja. Akainua macho, tukatazamana ndani ya kioo. Akainua wembe kunisalimu. Nikapiga kelele, kaka yako akasogeza, nikaona mawingu. Akasogeza, nikaona paja langu mwenyewe. Mwisho kiwanja kikaingia chote, na barabara, na mti wa kona ambao nilikuwa nimeusahau kuwa upo.

Jumamosi wakashuka. Nikawaona wanavuka barabara, wifi. Miezi minne nawaona mlangoni wakitoka na mlangoni wakirudi. Sikujua Swali akitembea nje anaruka kila hatua ya tatu. Sikujua Karani humshika Tufani kwa ukosi wa nguo. Kaka yako alikuwa mbele na ngazi, bila sababu yoyote.

Alikuwa amechanganya chokaa na mabaki ya rangi, ndoo tatu, buluu, manjano na nyekundu. Akawapa brashi kuukuu, wakaanza kuchora ardhini. Watoto wa jirani wakaja. Kisha mama zao. Fundi viti akaja na stuli zake akasema kazi ingoje. Wakaandika herufi kubwa, kila moja ndefu kama kitanda, wakamaliza wakasimama wakanipungia. Nami huku juu, ndani ya kioo, nasoma: AMAM.

Nikajiuliza, Amam ni nani? Kaka yako akanyanyua mikono kuuliza kama nimesoma. Nikachungulia tena. AMAM! Ndipo nikakumbuka kioo hugeuza. Wifi, nilicheka kwa tumbo. Nilijaribu pua, pua ikakataa. Nililia machozi. Na mlango ukafunguliwa, mkunga huyo!

"Nilikuambia nini?" akauliza.

Nikanyoosha kidole kwenye kioo. Akainama, akatazama. Akasoma kwa sauti, "Amam." Midomo ikaanza kumcheza. Akanipima, akasikiliza tumbo kwa kile kijibomba chake cha mbao, akasema, "Huyu humu ndani naye anacheka. Endelea, kidogo kidogo." Akatoka. Nikadhani amekwenda zake. Dakika mbili baadaye namwona kwenye kioo, katikati ya kiwanja, mkoba wa kazi mgongoni, anaruka kamba! Mwanamke wa miaka hamsini na ushee, wifi, na Karani anahesabu. Aliruka arobaini na moja.

Hakuna aliyefungua pochi siku ile, na mtaa mzima ulishinda nje mpaka saa saba.

Nimekusamehe tangu ile barua ya Februari, nilikuwa sijui namna ya kuiandika. Nawe nisamehe mlango.

Amam


12 Julai

Kwako Amam,

Ninyi wazima? Mimi mzima, ila sijapata barua. Yangu ya mwisho ilikuwa na safari ya bustani ya maktaba, ile yenye bwawa la vyura, sijui kama walikwenda. Najua posta ya huku hubeba barua kwa mwendo wa konokono aliyeumia. Nimemwuliza mtu wa posta mara tatu leo. Ameniomba nisirudi tena kabla ya kesho.

Nimesoma mita zote mia tatu na kumi kwa siku moja. Wateja wanasema nimekimbia.

Andika hata neno moja. Mwambie Karani aandike.

Wifi yako


19 Julai

Kwako wifi,

Ni msichana.

Alikuja tarehe 10, wiki kadhaa kabla ya siku zake. Ni mdogo kama mkate, ila sauti ni ya treni ya mizigo. Mimi mzima. Yeye mzima. Mkunga analala usingizi wake sasa, amestahili.

Ilikuwa Jumamosi, na jamaa walikuwa kwenye bwawa lako la vyura. Uchungu ulinishika saa tatu, nikagonga sakafu kwa kiatu. Mwalimu wa chini akapanda mbio, akaona hali yangu, akageuka akashuka mbio kumwita mkunga, amevaa kandambili moja. Mambo yalikwisha kabla ya saa sita. Watoto walirudi na chura ndani ya kopo. Wakamkuta mwenzao. Swali akamtazama kitambo, akauliza, "Huyu alikuwa anajua kwamba tunakwenda matembezini bila yeye?" Karani akaandika: waliokwenda, wanne, waliokutwa nyumbani, wawili. Tufani alitaka kubadilishana, sisi tuchukue chura, yeye achukue mtoto. Kaka yako alikaa sakafuni, akajifunika uso kwa ile kofia yake ya rangi, na sisi tukamwacha.

Mkunga ameniruhusu kusimama. Nimetembea hadi dirishani, nikarudi, nikatembea tena kwa ufahari. Anasema Jumamosi ya tarehe 14 Agosti naweza kushuka ngazi na mtoto, hewa itatufaa.

Sasa tupangie, wewe mwenye mji. Pasiwe mbali, miguu yangu imesahau kazi. Watu ni sita. Kwenye daftari Karani ameandika saba, nimemwuliza wa saba nani, anasema nikuulize wewe.

Wifi yako


2 Agosti

Wifi yangu,

Likizo nimepewa. Karani wa ofisi aliijaza fomu mwenyewe kabla sijamaliza kuomba, anasema hawezi kustahimili mwezi mwingine kama Julai.

Safari ya tarehe 14 ni hii. Tokeni saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa na nguvu. Shukeni taratibu, kaka yangu atangulie, watoto nyuma yake, wewe ushike ukuta na mtu yeyote asikuharakishe. Ngazi ibaki nyumbani. Mayai msichemshe, nitakuja nayo. Mkifika chini pindeni kulia, hatua ishirini, chini ya mti wa kona. Hapo ndipo mwisho wa safari siku hiyo. Nitakuwa hapo tangu saa moja.

Utaniona nimesimama. Usinisalimie, wifi. Usiniulize habari za safari, wala nimelalaje, wala huko nilikotoka hawajambo. Salamu tumeandikiana miezi saba, zimetosha.

Nipe mtoto kwanza.